Damu Haina Tarehe

Mwanamke alikitazama kipimo pale mezani, akanitazama mimi, akakitazama tena. Mistari miwili. Cha kwanza, Bioline, mistari miwili. Cha pili, Unigold, mistari miwili. Uani mumewe alikuwa anapasua kuni, na kila shoka lilipotua sote wawili tulilisikia.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "nimeupata lini?"

Ilikuwa 2017, kwenye kijiji kimoja mkoani Njombe, ile miezi ya baridi ambayo ukungu hauondoki mpaka saa nne na mgeni anavaa makoti mawili. Nilikuwa kwenye timu ya utafiti wa taifa wa viashiria vya UKIMWI. Kazi yangu ilikuwa kutoa damu, kupima, kutoa majibu na kuandika rufaa ya kwenda CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU. Nilikuwa nimeshakaa maabara zaidi ya miaka ishirini na nimefundishwa kujibu maswali ya kila namna. Nitakufa? Mtoto je? Naruhusiwa kunyonyesha? Nani mwingine atajua? Hayo yote yana majibu, na siku hizi yana majibu mazuri. Lile la "lini" nilikuwa sina cha kulijibia. Nikamwambia ukweli: "Sijui, mdogo wangu. Kipimo hiki hakijui."

Nilipotoka kwenda garini kuchukua fomu, likanijia wazo ambalo sijaachana nalo hadi leo. Gari lile, dereva, masanduku ya barafu, vishikwambi vya wadadisi, vyote vilikuwa vimepanda milima ile kwa ajili ya swali hilohilo la yule mama. Taifa nalo lilitaka kujua: lini? Katika watu wote wanaoishi na virusi, wangapi wamevipata mwaka huu?

Na cha ajabu katika kazi hii ni kwamba swali la taifa linajibika. La yule mama, kwa damu ileile, halijibiki.

Mimi nimezaliwa Muleba, Kagera. Ugonjwa huu niliujua kabla haujapata jina la vitabuni. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini waliripotiwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Upande wa pili wa mpaka, Rakai, waliuita Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Nilikuwa na miaka kumi na moja mama mdogo alipozikwa kwenye kibanja chetu, kati ya migomba, kama ilivyo kwetu Wahaya. Mwaka uliofuata tukamzika mumewe pembeni yake.

Babu yangu alikuwa amewahi kuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Alikuwa na daftari la kahawa, lile la jalada gumu: mbele kilo na majina ya wakulima, na nyuma, akianzia ukurasa wa mwisho kurudi katikati, akawa anaandika misiba. Jina, tarehe, kijiji. Hakuambiwa na mtu afanye hivyo. Mwaka 1989 kurasa za nyuma zilikuwa zinazikaribia zile za mbele. Nikiwa chuoni ndipo nilipoelewa lile daftari lilikuwa kitu gani. Mtu asiye na dawa, tangu siku anapopata virusi hadi anapokufa, alikuwa anakaa miaka minane, kumi, wengine zaidi. Kwa hiyo babu, akidhani anaandika habari za wiki ile, alikuwa anaandika maambukizi ya karibu miaka kumi nyuma. Waliokuwa wanaambukizwa wiki ile walikuwa wazima, wananunua na kuuza, wanaimba kwenye kwaya ya mazishi. Hawakuwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima wa Bukoba mjini wakakuta asilimia 24 wana virusi. Karibu mtu mmoja katika kila wanne. Wakarudi 1993, ikawa asilimia 18. Wakarudi 1996, ikawa 13. Ukiiweka kwenye gazeti hii ni habari ya ushindi, na sehemu yake kweli ilikuwa ushindi: watu wa kwetu walikuwa wameogopa, wakabadilika. Lakini sisi tuliokuwa tunachimba makaburi tulijua njia nyingine ambayo asilimia inaweza kushuka.

Nikieleza jambo hili kwa wageni wa fani huwa nawapeleka shule ya msingi. Mwulize mwalimu mkuu ana wanafunzi wangapi. Atakuambia mia saba. Vizuri. Sasa hiyo mia saba inakuambia nini kuhusu walioandikishwa darasa la kwanza Januari hii? Hakuna. Shule inaweza kujaa kwa sababu uandikishaji ni mkubwa, au kwa sababu hakuna anayehama. Inaweza kupungua kwa sababu watoto wapya ni wachache, au kwa sababu wakubwa wameondoka. Magazeti yetu yana tabia ya kuita vyote viwili "maambukizi", mia saba ni maambukizi na darasa la kwanza ni maambukizi, kisha msomaji anashangaa kwa nini mwaka huu wanasema yamepungua na mwaka ule wanasema yameongezeka.

Na mambo yaligeuka zaidi dawa zilipokuja. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini 2004, na kuanzia 2016 kila anayegundulika anaanzishiwa bila kusubiri kinga ishuke. Watu hawafi tena kama kwenye daftari la babu. Kwa hiyo wanafunzi mia saba hawapungui hata kama darasa la kwanza limebaki na watoto wachache, na hiyo ni heri. Ukitaka kujua kama kuna moto unaowaka bado, lazima uhesabu darasa la kwanza peke yake.

Utawahesabu vipi watu ambao wenyewe hawajijui?

Njia ya zamani kuliko zote ni kumpima mtu, kumkuta mzima, kusubiri, kisha kumpima tena. Akibadilika katikati, umempata. Ni rahisi kuisema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkoani Mwanza, watafiti walichukua jamii kumi na mbili za vijijini. Sita zikaboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati zao, sita zikabaki kwanza kama zilivyo. Waliandikisha zaidi ya watu elfu kumi na mbili. Baada ya miaka miwili wakawatafuta wale waliokuwa hawana virusi. Kwenye jamii zilizoboreshewa tiba walipimwa tena watu 4,149, walioambukizwa wakawa 48. Kwenye zile nyingine watu 4,400, walioambukizwa 82. Matokeo yalitoka 1995 na dunia nzima ya afya iliyasoma, kwa sababu yalionyesha kwamba kutibu kisonono na kaswende vizuri kunaweza kupunguza maambukizi mapya kwa karibu asilimia 40.

Mimi hapo huwa naangalia kitu kingine. Ili kuwaona watu 130 wakiambukizwa, ilibidi kuwafuata zaidi ya elfu nane na mia tano kwa miaka miwili, nyumba kwa nyumba, kwa baiskeli na kwa miguu. Na waliopatikana tena walikuwa karibu saba katika kila kumi. Wengine walikuwa wamehama. Nani anahama kijijini? Kijana anayekwenda machimboni, mvuvi anayefuata dagaa mwalo kwa mwalo, msichana aliyeachika na kwenda mjini kutafuta kazi ya ndani. Wale uliokuwa unawatafuta zaidi ndio wanaokukimbia.

Kazi ya namna hiyo haijafa. Kisesa, nje kidogo ya Mwanza kwenye barabara iendayo Musoma, watu wamekuwa wakifuatwa tangu 1994, na Rakai kule Uganda ni hivyohivyo. Rakai ndiko walikoonyesha, kwenye taarifa ya mwaka 2017, kwamba maambukizi mapya yameshuka kwa asilimia 42 baada ya tohara ya wanaume na dawa kuenea. Lakini huwezi kuifanya nchi nzima iwe Kisesa.

Kwa nchi nzima tulianza na kitu kidogo sana, tone. Utafiti wa kwanza wa taifa wa namna hii ulikuwa wa 2003 hadi 2004, nami nilikuwamo, binti wa miaka thelathini mwenye begi la mgongoni. Tulichoma kidole, tukajaza viduara vitano kwenye kadi ya karatasi maalumu, tukabandika namba, basi. Hapakuwa na jina kwenye kadi. Na majibu hatukutoa: aliyetaka kujua hali yake tulimwelekeza kituo cha ushauri nasaha. Nilichoma vidole vya mamia ya watu na sikumpa hata mmoja jibu lake. Vijiji vingine walitukimbia kabisa, wakituita mumiani. Siwezi kuwalaumu. Mtu anakuja na gari, anachukua damu yako, anaondoka nayo, hakuambii kitu. Mumiani ni nani kama si huyo?

Kuna kadi kumi na tisa ambazo zimeniganda kichwani kuliko nyingine zote. Tulikuwa Makete, wakati huo bado ni mkoa wa Iringa. Kadi zinatakiwa zilale usiku kucha zikikauka kwa hewa, bila jua na bila moto, ndipo zifungwe kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu na kikaratasi cha kiashiria: kikiwa bluu, mambo salama, kikigeuka pinki, kuna maji humo. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya chumba cha nyumba ya wageni, dereva anapiga honi, kiongozi wa timu ananung'unika. Nilizigusa kwa kidole, nikaona zinatosha, nikafunga. Siku nne baadaye nikafungua: kikaratasi pinki, na kwenye viduara vyangu vya damu kumeota vinyweleo vyeupe. Ukungu wa nje ulikuwa umezaa ukungu wa ndani. Watu kumi na tisa walinipa damu yao bure, wengine kwa kubembelezwa, nikaiozesha kwa haraka ya nusu saa. Niliandika taarifa ya tukio kwa mkono wangu na hakuna aliyenifokea. Ingekuwa afadhali wangenifokea.

Utafiti ule ulitupa mia saba ya mwalimu mkuu: asilimia 7 ya watu wa Tanzania Bara wa miaka 15 hadi 49. Darasa la kwanza haukutupa. Tone liliweza kusema ndiyo au hapana. Umri wa maambukizi halikuweza kuusema.

Ama liliweza, ila hatukuwa tumejua kulisoma.

Chukua sufuria mbili za kupikia kwa kuni. Moja umeinunua juzi, nyingine ni ya bibi. Zote zina masizi. Lakini masizi ya ile mpya unayapangusa kwa maji na kitambaa, yanatoka. Ya sufuria ya bibi utakwangua kwa waya mpaka vidole viume na bado sufuria itabaki nyeusi. Huna haja ya risiti ya dukani kujua ipi ni ya zamani. Damu ya mtu mwenye VVU iko hivyohivyo. Virusi vikiingia, mwili unatengeneza askari wa kuvikamata, na hao ndio kipimo cha kawaida kinawaona na kuchora mstari wa pili. Miezi ya mwanzo askari hao ni wachache na mikono yao ni legelege: wanamshika adui, ukiwatikisa kidogo wanamwachia. Kadiri miezi inavyokwenda mwili unajifunza, askari wanaongezeka na mshiko unakaza. Maabara tunafanya kile anachofanya mwosha vyombo. Tunaweka damu kwenye kisahani chenye vipande vichache vya virusi, tunaacha askari wavishike, tunaosha kwa kimiminika chenye uchachu, kisha tunapima wangapi wamebaki wameng'ang'ania. Wakibaki wachache, sufuria ni mpya.

Wamarekani ndio walioanza kulifanyia kazi wazo la kusoma umri wa maambukizi kwa njia ya damu. Taarifa yao ya kwanza kubwa ilitoka 1998. Kisha kikaja kipimo kilichoitwa BED, na hicho kilitutia aibu. Kilipoletwa Afrika kilikuwa kinatangaza wapya wengi kuliko ukweli, mpaka mwishoni mwa 2005 UNAIDS ikatoa tamko kwamba kisitumike kukadiria idadi ya maambukizi mapya. Kilikuwa na kosa gani? Kilikuwa kinaona sufuria za zamani zinazong'aa. Kuna watu walioishi na virusi miaka mingi ambao miili yao, kwa sababu moja au nyingine, inaonyesha askari wachache: mgonjwa sana, au mtu ambaye mwili wake unajidhibiti wenyewe, na zaidi ya wote, mtu anayemeza dawa. Dawa inasugua. Virusi vikifubaa, mwili hauna wa kupigana naye, askari wanapungua, na sufuria ya miaka kumi inatoka jikoni kama imenunuliwa jana.

Nilimkuta mtu wa namna hiyo Makambako, pale barabara ya Songea inapoiacha ile kuu ya kwenda Mbeya. Mzee mstaarabu, koti la sufu, kofia mkononi. Mdadisi alimwuliza kama amewahi kupima. "Sijawahi, binti yangu." Mkewe amekaa pembeni anasikiliza. Nikampima, mistari miwili, akapokea kwa mshangao ambao kwa kweli ungeweza kumpa kazi kwenye maigizo ya redio. Aliposimama kunishukuru, kopo la vidonge likalia ndani ya koti lake. Aliyewahi kufanya kazi CTC anaijua ile sauti. Mzee akajua nimesikia, nami nikajua amejua. Nikamwandikia rufaa kama mgeni wa ugonjwa, akaipokea kwa mikono miwili.

Mzee yule, kwenye BED peke yake, angeweza kuhesabiwa kuwa ameambukizwa mwaka ule.

Ndiyo maana siku hizi hatuamini kipimo kimoja. Kinachotumika kwenye tafiti za taifa kinaitwa LAg, nacho kikisema "mpya", damu hiyo inaulizwa maswali mengine mawili: ina virusi vingapi, na ina dawa ndani yake? Yenye virusi vichache, chini ya nakala 1,000 kwa mililita moja, inaondolewa kundini. Yenye dawa inaondolewa. Inayobaki baada ya hapo ndiyo tunayoikubali kuwa ya mtu aliyeambukizwa karibuni, na "karibuni" ya LAg ni wastani wa siku 130 hivi. Miezi minne na kitu.

Sasa fanya hesabu uone ubishi wa kazi hii. Utafiti wa 2022 hadi 2023, uliotangazwa Siku ya UKIMWI Duniani 2023, ulikadiria kwamba katika Watanzania wa miaka 15 na kuendelea wasio na virusi, wanaoambukizwa kwa mwaka ni asilimia 0.18. Yaani katika watu elfu kumi, 18. Lakini dirisha letu halina upana wa mwaka, lina siku 130. Kwa hiyo siku unapopita na masanduku yako ya barafu, katika watu elfu kumi uliowatoa damu, walioko ndani ya dirisha ni sita. Labda saba. Elfu kumi! Nyumba kwa nyumba, Tunduma hadi Tarime, kubembeleza, kuitwa mumiani na Frimasoni, gari kukwama kwenye tope, na unachotafuta ni watu sita. Kutokana na wachache hao nchi inatamka kwamba kwa mwaka wanaambukizwa watu takriban 60,000, kutoka 72,000 wa utafiti uliotangulia. Tafiti zenyewe hupima watu wengi kuliko hao elfu kumi, ila ugumu unabaki uleule. Ndiyo maana mtakwimu mwaminifu hakupi namba moja. Anakupa ya chini na ya juu, na anakasirika ukiandika ya katikati peke yake, kama mimi nilivyofanya hivi punde.

Nikirudi kwenye zile kadi kumi na tisa za Makete, sasa unaona kwa nini zinaniuma.

Kuna kosa moja ambalo nitalisema haraka kwa sababu limenichosha. Mwaka 2018 ilizinduliwa kampeni ya Furaha Yangu, watu wakahimizwa wapime, hasa wanaume, na wakapima. Vituo vikaandikisha wateja wapya wengi, na nikaanza kusikia watu wazima, wasomi, wakisema maambukizi yamelipuka. Jamani. Aliyegunduliwa mwaka huu si lazima awe ameambukizwa mwaka huu. Wengi wao walikuwa nayo tangu enzi ya simu za vitufe. Rejista ya kituo inakuambia taa imewashwa lini, haikuambii nyoka ameingia ndani lini.

Wazo likaja la kuunganisha viwili: mtu akigundulika kituoni, papo hapo apimwe pia kama maambukizi ni mapya. Kuna kipimo kidogo cha haraka kwa kazi hiyo, nacho kimepewa jina la Kiswahili: Asante. Kimetengenezwa na kampuni ya jimbo la Oregon, Marekani, na nakiri sijaelewa nani anamshukuru nani. Kina nafasi ya mistari mitatu. Wa kwanza unasema kipimo kinafanya kazi, wa pili unasema virusi vipo, wa tatu unasema vipo siku nyingi. Wa tatu usipotokea, inawezekana maambukizi ni ya miezi ya karibuni. Rwanda walianza kukitumia 2018, Malawi wakafuata. Faida yake ni kubwa kwa mtu wa afya ya jamii: ukiona kituo kimoja cha mwaloni kimetoa wapya wanane kwa mwezi mmoja, wasichana wa miaka 19, 20, hungoji utafiti wa miaka mitano. Unapeleka watu huko kesho yake, unapima wenza, unapeleka vidonge vya kinga.

Nilikiona kwenye mafunzo. Mezani tulikuwa wanne, na baada ya dakika kadhaa tukawa tunabishana kama mstari wa tatu upo au haupo. Mmoja akakipeleka dirishani. Mwingine akavua miwani. Mstari hafifu kama uzi wa utando wa buibui. Nikajiuliza: huu ndio niende kumwambia mke wa mtu?

Maana hebu fikiria. Mke na mume wamepimwa siku moja, wote wana virusi. Kwa mume mistari mitatu, kwa mke miwili. Hata bila elimu yoyote ya maabara, jikoni kwao usiku ule kesi imeshahukumiwa. Sasa geuza: mke mitatu, mume miwili. Nani atalala nje? Na huku kipimo kile hakikuumbwa kwa ajili ya mtu mmoja. Wastani maana yake mwili mmoja unakaza mshiko kwa miezi miwili na mwingine unachukua mwaka. Ukiwaweka elfu pamoja, wa haraka na wa polepole wanafidiana na hesabu inatoka safi. Ukimchukua mmoja, umebahatisha. Kwenye tafiti zetu jibu hilo hatumpi mtu, na mimi naungana na hilo kwa moyo wote, ingawa najua nilichoandika hapo juu kuhusu mumiani. Kuna damu niliyochukua bila kutoa jibu kwa sababu hatukujali vya kutosha. Hii nyingine jibu lake linabaki maabara kwa sababu likifika nyumbani linageuka panga. Mwenye kuona kwamba najitetea sitabishana naye sana.

Yule mama wa Njombe hakuridhika na "sijui" yangu. Aliinuka, akaingia chumbani, nikasikia sanduku la bati linafunguliwa. Akarudi na mfuko wa nailoni, ndani yake kadi ya kliniki ya ujauzito, imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuchanika. Akaitandaza juu ya goti. "Hapa walinipima," akasema, "nikiwa na huyu." Huyu alikuwa mtoto wa kiume mwenye kamasi, ameshikilia kanga ya mama yake, miaka miwili na ushee. Nikasoma. Kipimo cha VVU, hakuna virusi, na tarehe, imeandikwa kwa kalamu ya bluu na nesi ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa kwetu wengi.

Nilitaka kucheka na kulia. Maabara ya Dar es Salaam, friji za kugandisha, uchachu, dirisha la siku 130, na mwanamke wa kijijini amelala miaka yote juu ya njia ya zamani kuliko zote: tarehe moja alikuwa mzima, tarehe ya pili si mzima.

"Basi ni baada ya huyu," akasema.

"Ni baada ya huyu," nikasema. "Zaidi ya hapo sijui."

Alimtazama mtoto muda mrefu. Nikamweleza kwamba naye lazima apimwe, kwa sababu alikuwa ananyonya, akakubali. Tulimpima. Mstari mmoja. Hapo ndipo alipolia. Kwa majibu yake mwenyewe hakulia.

Shoka uani lilikuwa limenyamaza. Tulisikia mume ananawa mikono kwenye ndoo. Alikuwa wa pili kwenye orodha yangu, na mama yule aliniomba nisimwambie kitu juu yake, nami nikamwambia sina ruhusa hiyo hata ningetaka. Kisha nikafunga chupa yake ya damu, nikabandika namba, nikaiweka kwenye barafu. Ilikwenda na nyingine zote. Kama ilikuwa miongoni mwa zile chache zilizobaki baada ya kuoshwa na kuulizwa maswali, sitajua kamwe, na ndivyo inavyotakiwa.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu akanishika mkono. Kadi bado ilikuwa gotini.

"Dada, andika basi hata ya leo."

Nikatafuta mahali palipobaki peupe, chini ya mwandiko mzuri wa yule nesi, nikaandika tarehe.